Maswali ya Kompyuta: Flashi Inayogoma Kwenye Mac na Saa Inayoruka

Mfumo endeshi upi ni bora: Windows, macOS au Linux?

Bora kwa kazi gani? Swali hili haliishi, na muulizaji hasemi hata mara moja anatumia programu zipi. Kama programu inayokulisha ipo Windows tu, mjadala umekwisha.

Flashi yangu inafunguka kwenye Mac na faili nazisoma, ila nikitaka kubandika kitu kipya inakataa. Imeharibika?

Haijaharibika. Imefomatiwa kwa NTFS, mpangilio wa Windows, ambao macOS inausoma bila kuuandikia. Ifomati upya kwa exFAT; Windows, macOS na Linux za sasa zote zinaikubali. FAT32 nayo inakubalika karibu kila mahali, lakini haipokei faili moja linalofika GB 4, na video ndefu itakukwamisha.

Kabla hujabofya chochote: kufomati kunafuta kila kilichomo. Naandika hivi kwa sababu nawajua wasomaji wangu. Wiki ijayo atatokea wa kunilalamikia kwamba picha za harusi zimepotea. Kama picha hizo zilikuwa kwenye flashi hiyo tu, tatizo lako halikuanza na NTFS. Kitu ambacho hakina nakala ya pili mahali pengine, hesabu kwamba hukimiliki. Tena exFAT haivumilii papara: ukiichomoa katikati ya kunakili unaweza kuharibu hata faili zilizokuwepo. Itoe kwa amri ya Eject kwanza, ndipo uichomoe.

Nimehamia Mac. Nikibonyeza Enter juu ya faili halifunguki, linataka nibadilishe jina.

Ndivyo ilivyo huko. Kufungua ni Command na O. Na ukibofya kile kiduara chekundu, mara nyingi unafunga dirisha tu, programu inabaki hai. Kuifunga kabisa ni Command na Q. Usiniletee malalamiko kwamba Mac ni nzito huku una programu kumi zimejificha nyuma.

Nina Windows na Linux kwenye mashine moja. Kila nikihama, saa inaruka. Betri ya ubao mama imekufa?

Betri ni nzima. Windows huchukulia saa ya ubao mama kuwa ni saa za mahali ulipo, Linux huichukulia kuwa ni UTC, yaani saa rejea ya dunia, kwa hiyo kila mmoja anamsahihisha mwenzake. Ukiwa Linux, fungua terminal (dirisha la kuandikia amri) uandike `timedatectl set-local-rtc 1`, yaishe.

Hujaniuliza hili, lakini ndilo la hatari zaidi: Windows ikiwa na mpangilio wa kuwasha haraka (Fast Startup), ukiizima haizimiki yote. Sehemu yake inalazwa diskini. Ukiingia Linux ukaandika kwenye kizigeu cha Windows, yaani sehemu yake ya diski, unaweza kuvuruga data, ndiyo maana mara nyingi Linux hukuruhusu kusoma tu. Watu wanatafuta njia za kuilazimisha. Acha. Nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, uzime huo mpangilio wa kuwasha haraka.

Linux haina virusi, sivyo?

Vipo.

Windows 10 yangu inawaka vizuri. Kwa nini mnatuhamisha?

Kuwaka si usalama. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Nyongeza ya masasisho ya usalama ipo kwa wanaojiandikisha, nayo ni ya muda. Windows 11 inadai TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya kompyuta, na mashine nyingi za zamani hazina. Ukitaka kujaribu Linux, iwashe kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, uangalie Wi-Fi, sauti na printa kabla hujagusa diski. Ila Windows 11 ya kukraki uliyopewa na rafiki usiisogeze karibu na mashine yenye nywila za benki.

Nilikuwa na Ripoti.pdf na ripoti.pdf kwenye Linux. Nilipohamishia Windows limebaki moja.

Kwa Linux hayo ni mafaili mawili. Kwa Windows ni jina lilelile, ikakuuliza kama ubadilishe la kwanza, ukakubali bila kusoma. Lingine bado liko Linux, kama hujalifuta.