Shangazi, nimeahirisha kipimo cha mirija mara mbili

"Shikamoo Shangazi. Mi nina miaka 32, huu mwaka wa tatu kwenye ndoa na mtoto hajapatikana. Dokta kaniandikia kile kipimo cha eksirei ya mirija ya uzazi. Nimeuliza wenzangu, mmoja kasema alilia mpaka akasikika nje, mwingine kasema hakusikia kitu, sasa sijui nimwamini nani. Lakini sio hilo tu. Nikiwa chuo, kabla sijamjua mume wangu, niliwahi kupata ugonjwa wa zinaa, nikatibiwa nikapona, sijawahi kumwambia. Naogopa hiyo picha itaanika kila kitu mbele yake maana anataka tuingie wote. Yeye mwenyewe hajapima chochote, anasema kwao hakuna mwanaume aliyekosa mtoto. Nimeshaahirisha mara mbili. Nifanyeje? Mwoga."

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na hivi unavyojiita mwoga nakukatalia, maana mwoga asingeandika hilo la chuo. Naanza na hilohilo kwa sababu naona ndo linalokufanya uahirishe, hayo ya maumivu umeyatanguliza tu ndo yanasemeka mbele za watu.

Sikiliza. Ile picha ni nyeusi na nyeupe basi. Wanaingiza dawa kwenye kizazi, dawa inaonekana kwenye eksirei, na wanachotafuta ni njia, kama iko wazi au haiko wazi. Kizazi kinatokea kama pembetatu iliyopinduliwa, ile ncha inaangalia chini, alafu kwenye zile pembe mbili za juu zinatoka nyuzi mbili nyembamba kweli, ukipepesa macho unaweza usizione, na kama njia ni wazi dawa inafika mwisho inamwagika tumboni, pale kwenye skrini unaona kama moshi unasambaa. Hiyo ndo picha yote. Haina tarehe, haina jina la ugonjwa, wala haijui ulikuwa na nani mwaka gani. Hata mrija ukikutwa umeziba, unaweza kuzibwa na mambo chungu nzima: maambukizi ndio, lakini pia kidole tumbo kilichowahi kupasuka, upasuaji wa zamani wa tumbo, endometriosisi (nyama kama za ndani ya kizazi kuota nje yake), na kuna wanawake wengi tu waliopata klamidia, ambayo ni ugonjwa wa zinaa, ikapita kimyakimya bila dalili hata moja, wanakuja kujua wakati wa kutafuta mtoto. Daktari anayesoma picha ataandika mrija wa kulia hivi, wa kushoto vile. Hataandika kwa nini kwa sababu kwa picha hiyo peke yake hajui.

Kuhusu mume kuingia, sehemu nyingi mwenza anasubiri nje, ile ni mionzi, wasiohusika hawatakiwi mle ndani. Kwa hiyo hapo usijitese.

Lakini sasa, kuna mtu mmoja lazima umwambie na huyo ni dokta wako. Hapa sikubembelezi. Ugonjwa wa zinaa unaweza kupanda ukaleta maambukizi ya nyonga, yaani ya kizazi na mirija, na mtu aliyewahi kuyaugua ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata maambukizi tena baada ya kipimo hiki, kwa hiyo dokta akijua anaweza kukupa antibayotiki, na anaweza kutaka kwanza upimwe kama kuna chochote kilichobaki, maana ukiwa na maambukizi yanayoendelea kipimo hakifanyiki mpaka utibiwe. Omba dakika tano peke yako, mwambie wazi kwamba hili sitaki lisemwe mbele ya mume wangu. Wamezoea, hutakuwa wa kwanza wala wa mia. Na kama hivyo vipimo vikionyesha una maambukizi sasa hivi, mwanangu hapo siri haipo tena, na yeye itabidi atibiwe la sivyo mtakuwa mnarudishiana tu.

Je umwambie mume habari za chuo? Najua kuna watakaosema lazima, ndoa ni uwazi, sijui nini. Mi nasema ulikuwa mgonjwa, ukatibiwa, ukapona kabla hujamjua, hujamkosea mtu. Siku ukijisikia kumwambia mwambie. Ila tafadhali isiwe jioni ile umetoka kwenye kipimo, tumbo linakukata na yeye kanuna kwa wasiwasi, hiyo siku sio ya kuongea lolote zito.

Haya, tuje kwenye kipimo chenyewe, maana na mimi nimelala kile kitanda.

Kwanza tarehe, hapa ndo wengi tunapotea. Unahesabu siku ya kwanza ni siku damu imeanza kutoka, na kipimo kinafanyika damu ikishakata lakini yai halijatoka, kwa wengi ni kati ya siku ya 6 mpaka ya 10 hivi. Na tangu piriodi ianze mpaka upimwe hakuna kukutana na mume, wanataka wawe na uhakika huna mimba. Mimi aliyenipangia tarehe hakuniuliza piriodi imeanza lini na mimi sikujua kama natakiwa kusema, nikaenda siku ya 14, nimeoga, nimejiandaa, moyo unadunda kama ngoma, nikafika nikaambiwa mama rudi nyumbani mpaka mwezi ujao. Nililia kwenye gari. Hicho ndo kilio pekee nilicholia kwenye habari nzima ya kipimo hicho, nakwambia ukweli.

Mwezi uliofuata nikarudi. Chumba kina baridi kwa ajili ya mashine, kwa hiyo chukua ushauri wangu vaa soksi, utacheka lakini utanikumbuka, maana unavua kila kitu kuanzia kiunoni unabaki na shuka na miguu ndo inapata baridi. Unalala chali chini ya mashine, unakunja magoti. Wanaingiza kile kifaa cha mdomo wa bata, unakijua kama umewahi kupimwa mlango wa kizazi, wanasafisha kwa dawa ya baridi, alafu wanapitisha mpira mwembamba kwenye mlango wa kizazi. Mara nyingi mpira una kipulizo kidogo kwa mbele, wanakijaza ili usichomoke. Hapo nilibanwa, yaani kama piriodi imefika ghafla bila hodi. Kisha yule daktari akasema sasa naweka dawa, vuta pumzi, na kweli ikaja ile mikazo ya tumbo la chini, inapanda, inapanda, nesi kanishika mkono akawa ananihesabia, na mimi nahesabu vitundu vya dari, nilifika arobaini na kitu nikasikia "tumemaliza". Kuwekewa dawa kwenyewe ni dakika chache tu. Tangu kupanda kitandani mpaka kushuka kwa wengi haizidi robo saa au nusu saa.

Kwa hiyo nani muongo kati ya wale wenzako? Hakuna. Kama mirija iko wazi dawa inapita, presha inakuwa ndogo, unasikia kama maumivu ya piriodi ukienda zako. Kama kuna kuziba dawa inasukuma pasipo na njia, na hapo maumivu yanazidi. Na mlango wa kizazi wa kila mtu na tabia zake, na ukiingia umejikaza mwili mzima kama unasubiri kipigo utaumia zaidi, hilo nalo lipo. Ila usije ukachukua haya niliyosema ukaanza kujisomea majibu mle mle kitandani, eti nimeumia sana basi nimeziba. Wapo walioumia sana na mirija yao ni safi.

Muulize dokta kuhusu dawa ya maumivu ya kumeza saa moja kabla, wengi wanapewa ibuprofeni kama hawana vidonda vya tumbo au mzio nayo. Ongea pia kama una mzio wa ile dawa ya picha au iodini, au una tatizo la tezi ya shingo. Na pale mezani ukiona inazidi sema simama, mnasimama. Hakuna tuzo ya kunyamaza. Ukimaliza usiruke kitandani kama askari, wengine wanapata kizunguzungu, kaa kidogo kwanza.

Utatoka na pedi. Ile dawa inarudi kutoka ukeni inanata nata, na damu kidogo siku moja au mbili, hiyo kawaida. Ambayo sio kawaida ni homa, uchafu wenye harufu, tumbo linalozidi kuuma badala ya kupungua, au damu ya kujaza pedi moja baada ya nyingine. Ukiona hayo hausubiri kesho, unarudi.

Sasa majibu. Ukiambiwa mrija mmoja umeziba usianze kulia, wapo wanaobeba mimba na mrija mmoja. Ukiambiwa yote miwili imeziba pale pale inapoanzia kwenye kizazi, uliza kwanza, dokta je yaweza kuwa mrija umejikaza tu? Kwa sababu inatokea, misuli inajibana kwa maumivu au woga, au kuna ute umekwama, picha inaonyesha kuziba kumbe hamna kitu, na wakirudia au wakiangalia kwa kamera ya tumboni wanakuta njia ipo. Ukiambiwa mrija umejaa maji hiyo ni habari nyingine, inatakiwa mazungumzo marefu na daktari wa uzazi, hasa kama mnafikiria kupandikiza mimba (IVF), maana yale maji yanapunguza nafasi ya mimba kushika.

Na mirija ikiwa safi pia usishangilie kupita kiasi, kipimo hiki hakioni mayai, hakijui kama yai linatoka kila mwezi, na endometriosisi inaweza kuwepo isionekane kabisa humo. Utasikia pia watu wanasema fulani alipima tu mwezi uliofuata akanasa. Sio porojo moja kwa moja. Kuna utafiti mkubwa wa Uholanzi uliochapishwa 2017, wanawake 1,119, waliowekewa dawa ya picha yenye mafuta na waliowekewa ya maji, ndani ya miezi 6 wale wa mafuta asilimia 39.7 walikuwa na mimba inayoendelea, wale wa maji asilimia 29.1. Kwa hiyo kusafishwa njia kuna wanaofaidika, ila usiende na hilo kichwani kama ahadi. Ukitaka muulize dokta wanatumia dawa ipi, ya mafuta nayo ina mambo yake kwa wenye tezi.

Nimebakiza bwana mkubwa.

Mwambie mumeo hivi, mbegu haipimwi kwa ukoo. Kaka zake wana watoto, sawa, hongera zao, walizaa kwa mbegu zao. Kwenye ndoa zinazochelewa kupata mtoto, tatizo la upande wa mwanaume linachangia karibu nusu, ama lenyewe ama likiwa pamoja na la mwanamke. Na kinachoniudhi hapa, samahani nitasema, ni kwamba wewe unaenda kuingizwa mpira kwenye kizazi wakati yeye kipimo chake ni kikopo. Kikopo mwanangu! Anakaa siku 2 mpaka 7 bila kumwaga, anajaza, anapeleka maabara, kaondoka. Wanahesabu mbegu, wanaangalia zinavyoogelea na maumbo yake. Kwa haki kabisa hicho kingetangulia chako. Na majibu yakitoka mabaya asizimie, mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, mtu akiwa aliugua homa kali miezi hiyo majibu yanashuka, anarudia baadaye.

Usiende kumwambia kwa ugomvi lakini. Namjua mwanaume wa "kwetu hakuna", ukimbana anakuwa jiwe. Mwombe dokta wako aandike vipimo vya wote wawili kwenye karatasi, alafu mpe yake na yako uishike, mkae wote mezani. Hofu yake na yako naona ni moja tu, yeye anaifichia kwa baba na kaka zake.

Sasa fanya hivi. Piriodi ijayo ikianza, siku ileile ya kwanza, usingoje kesho, piga simu uweke nafasi na utaje tarehe ya damu hata kama hawajauliza. Kabla ya hapo uwe umeshaongea na dokta lile la chuo. Tafuta mtu wa kukurudisha nyumbani, dada au rafiki, ila asiwe yule aliyelia mpaka nje. Na kama ni mume ndo atakusindikiza basi vizuri sana, akae pale kwenye benchi akusubiri, ila kikopo chake kiwe kimeshapokelewa maabara.