Barua kwa Mwanangu: Mtu Aliyefiwa na Baba Mara Mbili

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani, ili niwe na hakika kwamba swali lako ni lile nililodhani. Unasema kijana mmoja wa mabanda ya waridi, ambaye Agosti mwaka jana alipewa ruhusa ya kwenda kumzika baba yake, alikuja tena mbele ya meza yako mwezi Januari akasema amefiwa na baba. Meneja wako Mholanzi akafungua jalada, akaona baba alikwisha kufa, akaagiza kijana aitwe kwenye kikao cha nidhamu kwa kosa la kusema uongo. Nawe, uliyepandishwa cheo juzi tu kuwa afisa utumishi, unaniuliza ni nani kati ya hao wawili asiye na maadili ya kazi.

Kijana hakudanganya, na meneja hakukusudia kumwonea. Kati yao alisimama mtu mmoja tu aliyejua lugha ya nyumbani na lugha ya jalada, naye ni wewe. Kwa maelezo yako mwenyewe ulijua tangu mwanzo kwamba aliyefariki Januari ni baba mdogo, ndugu yake yule marehemu wa Agosti, lakini uliiacha fomu ipite ilivyo kwa kuwa hukutaka kumchosha mkubwa wako na habari za koo. Nalitaja hilo mapema ili usidhani nimekaa kukuandikia utetezi.

Kwamba ndugu wa baba ni baba, hilo sikufundishi. Hata wewe nakuita baba tangu ulipozaliwa, kwa sababu umebeba jina la marehemu baba yangu, na hakuna aliyewahi kunishtaki kwa uongo. Lakini meneja wako anahitaji kuelezwa kwamba jambo hili si la heshima ya maneno pekee. Anayekosa mazishi ya baba yake mdogo ili akate waridi atakumbukwa kwa hilo siku atakapofiwa yeye. Na kwa mtu ambaye hana akiba, wale wanaochimba kaburi, wanaoleta mchele na wanaolala matangani ndio akiba yake. Kwa hiyo kijana alipoacha kazi na kupanda basi hakuwa anakimbia wajibu. Alikuwa anatimiza wajibu mwingine, ambao usipotimizwa hauna kamati ya rufaa.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu, ambayo naona umeipita haraka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto wake, au kwa kufiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Baba mdogo hayumo. Kijana akiandika “baba mdogo” anaweza kunyimwa, akiandika “baba” anapewa. Je, alitumia neno hilo kwa kuwa ndilo analolitumia siku zote, au kwa kuwa alijua kwamba neno lililo kweli nyumbani lina faida ofisini? Mimi siwezi kulijua hilo nikiwa Tanga, na wewe hutalijua mpaka umwite peke yake, umpe kiti, umwulize bila kalamu mkononi. Nimekutana na wafanyakazi wa aina zote mbili, na wengi walikuwa aina zote mbili kwa wakati mmoja.

Meneja naye mwelewe. Waridi linalopaswa kuuzwa Ulaya kabla ya tarehe 14 Februari, siku ya wapendanao, hukatwa na kufungashwa ndani ya siku chache, na shehena inayochelewa kufika kwenye mnada wa maua wa Aalsmeer, Uholanzi, hukuta bei imekwisha kushuka. Mwezi huo kila mkono unaokosekana bandani anauona kwa macho. Tena, alikokulia yeye, kumheshimu mtu ni kumwambia jambo lilivyo, na kutimiza kilichoandikwa hata kama anayeumia ni ndugu yako. Anaposikia “baba” mara ya pili, hasikii utamaduni. Anasikia mtu anayemfanya mjinga.

Kozini tulifundishwa kazi ya Geert Hofstede, Mholanzi pia, aliyechambua majibu ya waajiriwa wa IBM yaliyokusanywa kati ya mwaka 1967 na 1973, akapima jinsi watu wa chini wanavyokubali kwamba madaraka yasigawanywe sawa. Alama zikiwa juu, wanakubali zaidi. Uholanzi ilipata alama 38. Afrika Mashariki, ambamo aliziweka Tanzania, Kenya, Ethiopia na Zambia katika kundi moja, ilipata 64. (Zambia ilihamia lini Afrika Mashariki, alijua mwenyewe.) Majibu hayo ni ya waajiriwa wa kampuni moja ya mashine za ofisini, si ya wakata waridi, kwa hiyo usiyabebe kama msahafu; lakini yalinisaidia kuelewa kwa nini mzungu akiuliza “umeelewa?” hutaka habari, na mfanyakazi wetu akijibu “ndiyo, bosi” huwa ametoa heshima. Baadaye kazi ikiharibika, mmoja anasema ameongopewa, mwingine anashangaa kwa nini mkubwa hakuona usoni mwake kwamba hakuelewa.

Lakini barua yako yote inazungumzia maadili ya walio chini, kana kwamba walio juu hawapimwi. Wanapimwa kila siku, tena kwa mizani yao wenyewe wafanyakazi. Babu yako alikata mkonge kwa kipande, kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, na siku isiyotiwa alama ilikuwa kama haikuwahi kuwapo. Mimi nilipoanza kazi mwaka 1976, wazee wa kiwandani walikuwa bado wanautaja Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, hasa kifungu cha 15, kilichomkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Katika miaka ile ya mwanzo wa sabini wafanyakazi waliwafungia mameneja nje ya viwanda, na mara nyingi chanzo kilikuwa matusi na dharau, si mshahara pekee. Uliniandikia kwa kupita tu kwamba meneja alimfokea msimamizi mwenye mvi mbele ya vijana kwa kuchelewa dakika kumi. Kwake hilo lilikuwa dogo. Nina hakika bandani limejadiliwa kuliko kikao chote cha nidhamu, na kwamba wengi wanaona mtu aliyevunja maadili mwezi huo ni yeye.

Hata hivyo usije ukaligeuza neno utamaduni kuwa blanketi. Nilipokuwa kazini nilijua kwamba mtunza stoo wetu, mzee niliyemwamkia shikamoo kila asubuhi, alikuwa anatoa vipuri mlango wa nyuma. Nilinyamaza kwa heshima. Hasara ilipogunduliwa, waliofukuzwa ni wapagazi wawili vijana, na barua zao nilizipiga chapa mimi. Na zile kadi za michango ya harusi ambazo wakuu wa idara huwagawia walio chini yao, meneja wako akiziita unyang’anyi mkubalie. Mtu anayesaini ruhusa yako hawezi kukuomba mchango ukabaki na uhuru wa kukataa, hata akitabasamu namna gani.

Kwa hiyo, kabla ya kikao, mwandikie meneja ukurasa mmoja wa ukoo wa kijana, uchore na mistari, ukiri kwamba ulijua. Kikao kikiendelea, hakikisha kijana amepewa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 na mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi wa kukaa naye, maana hilo ni haki yake hata kama amekosa. Kisha pendekeza kwenye mkataba wa hali bora, ule wa mwajiri na chama cha wafanyakazi, siku mbili zisizo na malipo kwa msiba wa baba mkubwa, baba mdogo, mama mkubwa na mama mdogo, na katika wiki zile za Februari watu wabadilishane zamu. Sheria imeweka kiwango cha chini, haikumkataza mwajiri kuongeza. Nadhani Mholanzi wako atakubali kwa urahisi kuliko unavyoogopa, kwa kuwa likishaandikwa litakuwa lugha yake.

Ukija likizo niletee nakala tupu ya ile fomu ya ruhusa. Nataka kuona kama pale palipoandikwa “uhusiano na marehemu” pana nafasi ya kutosha maneno mawili.

Mama yako