Kwa wewe unayeanza kazi na peptidi za kutuliza kinga

Karibu. Kabla hujashika pipeti, jua hili: ukibadilisha asidi amino moja tu kwenye peptidi (mnyororo mfupi wa asidi amino, kama kipande cha protini), seli T, yaani seli ya kinga inayoitambua peptidi hiyo, inaweza kutulia, au ikachachamaa kuliko mwanzo. Mfuatano ulioandikwa kwenye karatasi hautakuambia lipi litatokea.

Watafiti walichukua kipande cha protini ya mayelini (ala inayofunika neva), asidi amino ya 83 hadi ya 99, wakakibadilisha kidogo ili kutuliza kinga ya wagonjwa wa maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huishambulia mayelini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Majaribio yalisimamishwa mapema: wengine walipata mzio, na kuna ambao ugonjwa uliwapanda huku seli T zao zikiiitikia mayelini yenyewe. Glatirama asetati, dawa ya ugonjwa huohuo, ilikwenda kinyume. Taasisi ya Weizmann, Israeli, iliiunda kwa aina 4 za asidi amino ili kuwasababishia wanyama ugonjwa kama huo. Badala yake ikawakinga. Marekani iliiidhinisha mwaka 1996.

Mimi nilipoteza wiki kadhaa nikiishangilia peptidi iliyopandisha TNF (protini ya kuchochea uvimbe) kwenye makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu. Siku nilipoweka ya kulinganishia, yenye asidi amino zilezile ila mpangilio umevurugwa, nayo ikapandisha vilevile. Kumbe ilikuwa endotoksini, uchafu utokao kwenye ganda la bakteria. Iliniuma sana. Tafadhali, agiza iliyovurugwa pamoja na ya kwako, na upime endotoksini kabla ya kugusa seli.

Kichupa cha miligramu 1 hakina miligramu 1 ya peptidi. Ndani yake mna maji na chumvi pia. Ukikitoa kwenye friza, kiache kifikie joto la chumba ndipo ukifungue, la sivyo unga utanyonya unyevu.

Mwilini, vimeng'enya huzikatakata peptidi nyingi kwa dakika chache. Ndiyo maana tunaziba ncha, tunatumia asidi amino za umbo la D (kama taswira ya kioo ya zile za kawaida), au tunaifunga peptidi iwe duara. Siklosporini, dawa ya kutuliza kinga, ni duara la asidi amino 11, na 7 kati yake zina methili (kikundi kidogo cha kaboni na hidrojeni) kwenye nitrojeni. Mgonjwa huimeza na ikafika kwenye damu. Lakini kila ukiongeza ulinzi wa namna hiyo dhidi ya vimeng'enya, rudia jaribio la seli T tangu mwanzo, maana hiyo sasa ni peptidi nyingine. Tumia seli za watu kadhaa: HLA zao, yaani protini zinazoishika peptidi na kuionyesha kwa seli T, hazifanani, na peptidi inayonata vizuri kwa mmoja huenda isishike kabisa kwa mwingine.