Barua kwa mwanangu: tazama bega kwanza

Langoni, Lamu

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Kusi linapiga, boti za kwenda Mokowe, ng'ambo bara, zinarusha maji mpaka abiria wa nyuma wanafika wameroa, na mama yako anakusalimu na kukuuliza kama bado unayo ile leso yake uliyoondoka nayo.

Sauti uliyonituma nimeisikiliza mara tatu. Umeniuliza: "Baba, wewe huwezaje? Unaamka, unavaa, unatoka, sijakuona una haraka, na kila siku umependeza. Mimi kabati halifungiki kwa nguo na kila asubuhi sina cha kuvaa. Natoka sijala, nakula chipsi saa kumi, narudi sijiwezi." Halafu, kwa sauti ya chini, ukasema umepimwa presha kazini ikasoma 138 kwa 88. Hilo ulilisema haraka haraka ili lipite. Halikupita. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu utanikatiza.

Wewe unanijua wa leo. Ulipokuwa mchanga, kila nikienda Mombasa kufuata uzi nilirudi na vitambaa ambavyo hakuna aliyeniagiza: bei nzuri, rangi nzuri, mteja atapatikana. Vikajaa chumba cha kati mpaka karibu na dari. Unaijua hewa yetu ya chumvi, na nyumba ya mawe isiyoingia jua. Masika moja ukungu ukavivamia, nikavitupa kwa mikono yangu mwenyewe, mama yako amesimama mlangoni kanyamaza. Na mimi, fundi wa kushonea watu, nilikuwa nikivaa shati lisilo na kifungo cha shingo, kwa sababu kila asubuhi natafuta, sioni, nachukua lililo juu.

Baada ya hapo nikaona kwamba yale ninayoyaamua kila siku niyaamue mara moja, yaishe. Ijumaa kanzu nyeupe na kofia ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono. Siku nyingine kikoi na shati la pamba, mikono mifupi, rangi ya maziwa au buluu. Mashati ninayo sita, yote pateni moja. Watu barazani huniita mtanashati, kumbe nimevaa shati lile lile miaka 19.

Usidhani nasifu ufukara. Babu yako alikuwa na vikoi vitatu na kanzu mbili, na leo watu husema wazee walijua kukinai. Alikuwa na vitatu kwa sababu cha nne hakuwa na pesa yake. Wewe unazo pesa, ndiyo maana kazi yako ni ngumu kuliko yake.

Jumamosi mwaga nguo zote kitandani, uzitazame kwa jicho la fundi, si la mwenye nguo. Anza na bega. Kiuno nitakibana, urefu nitaupunguza, zipu nitabadilisha kabla chai haijapoa. Lakini bega likianguka au likibana, ni kufumua mikono yote miwili na kukata upya, na nguo za dukani ndani ya mshono hawaachi akiba. Yale magauni uliyonunua kwa simu ukanitumia picha, lile la kijani bega limeanguka vidole viwili. Hulivai kwa hilo. Hukunenepa, wala Nairobi haina kosa. Mpe mwenye bega lake.

Kisha pitisha mkono kwenye kitambaa. Poliesta hukaa na jasho na harufu yake, hata ufue vipi. Pamba hupumua. Najua huko kwenu Juni na Julai ni baridi, basi chukua pamba nzito na sweta moja nzuri, si tano za kuvutika. Nyeusi zifue umezigeuza nje ndani, uanike kivulini.

Kwenye rangi, itazame leso yoyote ya mama yako. Mara nyingi ina rangi mbili, tatu ikizidi, na kwa hizo inapata pindo, inapata mji wa katikati, inapata na jina lililoandikwa, na sijasikia mtu akisema leso imepungukiwa. Wewe tangu udogoni wapenda rangi ya udongo. Ishike hiyo, na nyeusi, na nyeupe. Kila cha juu kikubaliane na kila cha chini, utavaa hata stima ikiwa imepotea. Pambo litoke kwingine: ule mkufu wa bibi yako, au mtandio mmoja mkali. Na udi. Nguo chache zilizofukizwa huwashinda wenye kabati tatu.

Mama yako ameshanichungulia begani na kusema mwanamume ni rahisi, hana harusi za kwenda. Ni kweli, na hapa naandika nikijikata riziki, maana sare za harusi ndizo zinazonilipia kodi ya kibanda. Watu arubaini, kitambaa kimoja, dera moja, usiku mmoja. Kwa hili sina jibu lililonyooka. Ukimkatalia binamu yako sare utasemwa mpaka mfungo ujao. Ninachofanya kwa wateja ninaowapenda ni kukishona kile kitambaa mshono wa gauni la kawaida, lisilo na shanga, walivae kazini Jumatatu. Ukiletewa cha sare, nitumie mimi.

Sasa presha. Kipimo kimoja hakimhukumu mtu. Rudi upimwe, na safari hii ukae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, mkono uko juu ya meza, na kahawa usiiguse nusu saa kabla. Wauguzi wengi huhesabu ugonjwa tangu 140 kwa 90. Ya kwako haijafika. Lakini imeshapiga hodi, na ukoo wetu waujua. Wakikwambia habari ya dawa, wasikilize wao, mimi ni fundi cherehani.

Chumvi ndiyo ningeanza nayo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisicho na kilima. Humo ihesabu ya mkate, ya chipsi, ya vile vijimraba vya supu unavyotia kwenye kila sufuria (niliviona nilipokuja), na ya ng'onda ninayokutumia mimi mwenyewe, ambayo kuanzia sasa utailoweka na kumwaga maji, au nitakuletea samaki wa kukausha kwa moshi. Ulimi wetu wa pwani una bahati: ndimu, ukwaju na pilipili hukifanya chakula kikolee bila chumvi nyingi. Mama yako alinipunguzia kimyakimya mwezi mzima sikujua, siku aliponiambia nikaanza kulalamika.

Mimi langu lilikuwa sukari. Muuguzi mmoja alinihesabisha: vikombe vitano vya chai kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, 15. Kijiko kina kama gramu 4, kwa hivyo nilikuwa nakunywa gramu 60 kabla sijagusa hamri. Sikuacha siku moja. Nilipunguza nusu kijiko kila wiki mbili, tangawizi na iliki nikaongeza, na jioni nikahamia kahawa chungu ya dele, lile birika la kahawa, pamoja na tende moja. Sasa chai ya watu wengine naiona uji.

Asubuhi usijidanganye kwamba utapika. Kuamka kwako nakujua. Jumapili chemsha mbaazi sufuria nzima, gawa kwenye vikopo, tia kwenye friji ya juu. Asubuhi ni kupasha tu na kipande cha mkate. Mahamri yawe ya Jumapili, usiyafukuze nyumbani, yatarudi kwa wingi.

Kutembea ndiko kunakonitia wasiwasi. Huku hatuna sifa yoyote, gari hatuna, mtu atatembea apende asipende. Nikienda Shela kupeleka nguo ni kama dakika 45 kwa miguu kando ya bahari. Wanaposema mtu atembee kwa kasi dakika 150 kwa wiki, mimi nazimaliza Jumatano sijui. Wewe unakaa ofisini, kisha unakaa kwenye matatu, foleni imesimama, na uliniambia mwenyewe wanaotembea huwapita. Basi teremka utembee nao, mchana mweupe na barabara yenye watu. Viatu vya kisigino viache chini ya meza ya kazi.

Na usiku, baada ya Isha, kabla hujaishika simu: tundika nguo ya kesho, kopo la mbaazi literemshe chini, chupa ya maji ijaze. Dakika kumi. Kisha ulale, masaa saba yatimie. Mimi tangu zamani Isha na Alfajiri ndizo zilizonifungia siku huku na huku, katikati nikapata pa kushona. Bila hizo nadhani ningekuwa bado natafuta kifungo.

Nitakushonea magauni mawili na suruali moja ya pamba nzito. Nipe vipimo: bega, toka mfupa huu mpaka wa pili kupitia mgongoni, kifua, kiuno, urefu toka begani. Akupime mwenzako, usijipime, na futi isivutwe. Usinipunguzie inchi kwa aibu, mimi ni baba yako na nguo itanisimulia. Nitavusha mzigo mpaka Mokowe upande basi la alfajiri, kondakta atakupigia.

Ile leso ukiipata, itie kwenye bahasha ya vipimo. Usipoipata nijulishe mapema, nijue la kumwambia mama yako.

Baba yako