Dizeli Iliyochakachuliwa Huua Pampu Kwanza

Gari la dizeli likianza kuwaka kwa tabu asubuhi, kukosa nguvu mlimani na kutoa moshi mweupe, watu hukimbilia kununua nozeli, yaani vifaa vinavyonyunyizia dizeli ndani ya injini. Ngoja kwanza. Chunguza mafuta yaliyomo kwenye tangi.

Petroli, mafuta ya taa na dizeli zote ni michanganyiko ya molekuli za kaboni na hidrojeni. Kinachozitofautisha zaidi ni urefu wa molekuli. Petroli ina kaboni 4 hadi 12, mafuta ya taa 10 hadi 16, dizeli takribani 10 hadi 22. Kwa kuwa asili yao ni moja, ukichanganya taa na dizeli hazijitengi kamwe, na kwa kuwa urefu wa molekuli zao unakaribiana, injini itaendelea kuwaka. Hapo ndipo mchakachuaji anapopata mwanya. Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikafanya hivyo 2018, ili faida ya kuchanganya iondoke.

Madhara huanzia kwenye pampu ya shinikizo. Kwenye magari mengi ya sasa pampu hiyo haina oili yake. Hulainishwa na dizeli ileile inayopita ndani, huku ikiisukuma kwa shinikizo linaloweza kuzidi baa 1,600, yaani mara 1,600 hivi ya shinikizo la hewa ya kawaida. Mafuta ya taa ni mepesi mno, utando wake wa kulainisha unakatika, na chuma kinasagana na chuma. Unga wa chuma unaotoka hapo husafiri hadi kwenye nozeli. Ndiyo maana ukifunga nozeli mpya bila kukagua pampu na kusafisha reli (bomba nene linalogawa dizeli kwa nozeli), mabomba na tangi, nazo zitakufa.

Salfa pia inahusika. Tangu 2015 Afrika Mashariki inatumia dizeli yenye salfa isiyozidi miligramu 50 kwa kilo. Ni hatua njema kwa mapafu yetu, lakini mtambo unaoondoa salfa huondoa pia viambata vya asili vinavyolainisha, hivyo dizeli hiyo hutiwa kirutubisho cha kulainisha. Ukiongeza taa, unakizimua. Na tafadhali usijaribu kufidia kwa kumimina oili chakavu ya injini: ina majivu na chembe za chuma.

Kwa kupima, tumia hidromita (kifaa kinachoelea cha kupimia densiti, yaani kilo kwa lita), chombo cha kioo kirefu na kipimajoto. Soma densiti na joto kwa wakati mmoja, kisha ongeza 0.0007 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi iliyo juu ya 15. Mfano: 0.825 kwenye nyuzi 30 ni kama 0.8355 kwenye nyuzi 15. Viwango vya Ulaya vinataka takribani 0.820 hadi 0.845. Ila usiiamini hidromita peke yake. Lita nne za dizeli ya 0.840 zikichanganywa na lita moja ya taa ya 0.800 zinatoa 0.832, namba isiyo na dosari yoyote. Faida yake kubwa ni kulinganisha: andika kipimo kila unaponunua kwenye kituo kilekile, na kikishuka ghafla, uliza. Uthibitisho kamili unatoka maabara.

Maji ni rahisi kuyaona. Jaza chupa safi ya kioo, iache itulie usiku kucha. Maji hukaa chini. Ute mweusi kati ya maji na dizeli ni vijidudu, na tangi linahitaji kuoshwa. Fungua koki ya chini ya filta mara kwa mara, umwage mpaka itoke dizeli tupu, kisha toa hewa kwa pampu ya mkono kabla ya kuwasha.

Mhudumu akikujazia petroli kimakosa kwenye gari la dizeli, usiguse hata swichi. Kwenye magari mengi, kuwasha swichi tu kunaamsha pampu ya umeme ya tangini, nayo itaipeleka petroli mbele. Sukuma gari pembeni, tangi likaushwe pale pale.