Maswali ya Wasomaji: Gurudumu la Nyuma na Raba za Habu

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Nina pikipiki yenye asili ya India ambayo naitumia kubeba viazi kutoka Isyonje hadi Uyole. Hivi karibuni gurudumu la nyuma lilifunguliwa njiani ili kuziba pancha, likarudishwa, na tangu hapo kila ninapobadilisha gia, au ninapoachia mafuta na kuvuta tena, nasikia mgongano mzito chini ya kiti. Fundi wa kwanza alikaza cheni. Wa pili aliweka vipande vya tyubu ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), mlio ukapungua kwa muda, kisha ukarudi ukiwa mkubwa zaidi. Je, tatizo ni cheni au ni kitu kingine? (Msomaji, Uyole, Mbeya)

JIBU: Marahaba. Mlio unaotokea pale tu nguvu ya injini inapobadilika, na si muda wote gurudumu linapozunguka, mara nyingi hautokani na cheni bali na raba zilizomo ndani ya habu. Katika pikipiki ya aina yako, sproketi ya nyuma, yaani duara la meno linalozungushwa na cheni, haikufungwa moja kwa moja kwenye gurudumu. Imefungwa kwenye kibebeo chenye mabawa yanayoingia katika vyumba vya habu, na kati ya bawa na ukuta wa habu hukaa kipande cha raba ngumu. Injini ya silinda moja yenye mipigo minne huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili ya krankishafti yake (mhimili unaozungushwa na pistoni), hivyo nguvu inayofika kwenye cheni huja kwa vishindo, na raba hizo ndizo zinazovimeza kabla havijafika kwenye tairi upande mmoja na kwenye meno ya gia upande wa pili. Raba ikilika, bawa hupata nafasi ya kukimbia kabla ya kugonga ukuta, na huo ndio mgongano unaousikia.

Kwamba mlio ulianza baada ya pancha kunanifanya nishuku namna gurudumu lilivyorudishwa. Pikipiki nyingi za aina hiyo zina nati mbili upande wa cheni: kubwa inayoshika kibebeo cha sproketi kwenye mkono wa nyuma wa fremu, na ndogo inayoshika ekseli (chuma kinachopita katikati ya gurudumu). Kwa kazi ya pancha hufunguliwa ile ndogo peke yake. Ekseli huchomolewa, bushi ya upande wa breki hutolewa, fimbo ya breki na chuma kinachozuia sahani ya breki isizunguke huachanishwa, kisha gurudumu husogezwa kuelekea upande wa breki mpaka litoke kwenye mabawa, huku sproketi na cheni vikibaki mahali pake. Ni mpango mzuri sana kwa mtu aliyekwama njiani, kwa sababu hahitaji kugusa cheni. Ubaya wake ni kwamba habu hubaki wazi, na gurudumu likilazwa kwenye tope, raba zilizolegea hudondoka bila mtu kuona, au huchanganywa wakati wa kurudishwa. Katika baadhi ya habu raba za upande wa kuvuta ni nene kuliko za upande wa kuachia, kwa hiyo zikibadilishana nafasi, kibebeo hakikai sawa.

Kabla ya kununua chochote, simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa ili tairi la nyuma liwe juu. Mtu mmoja ashike sproketi kwa nguvu, akiwa amevaa glovu na injini ikiwa imezimwa, na wewe usukume tairi mbele na nyuma. Ukihisi mwendo mdogo unaorudi wenyewe, raba bado zina uhai. Tairi likitembea bure na kugonga mwishoni, raba zimekwisha au mojawapo haipo. Kisha shika tairi pande mbili ulitikise kushoto na kulia. Likicheza hivyo, kagua beringi, na uangalie kama bushi zote zilirudishwa, hasa ile inayokaa kati ya beringi mbili ndani ya habu. Bushi hiyo ikikosekana, kukaza ekseli hukandamiza beringi ubavuni na kuziharibu mapema.

Kuhusu vipande vya tyubu, siviungi mkono ila kwa kukufikisha nyumbani. Raba ya tyubu ni nyembamba na laini, husagika na kuhama, na ikishahama bawa la chuma hugonga ukuta wa habu ambao ni wa alumini. Ukuta huo ukipasuka hununui tena raba bali habu nzima, na gurudumu lazima lisukwe spoku upya. Nunua seti kamili ya raba za modeli yako na uzibadilishe zote kwa pamoja, kwa sababu raba mpya ikichanganywa na nzee hubeba mzigo wote peke yake.

Wakati wa kurudisha gurudumu, safisha vyumba vya habu, panga raba, lenganisha mabawa na nafasi zake, kisha sukuma kwa mikono huku ukilizungusha gurudumu kidogo kidogo mpaka kibebeo kikae hadi mwisho. Hapa ndipo haraka ya barabarani inapoleta hasara: kibebeo kikiwa kimekalia ukingo wa raba, fundi hukivuta kwa kukaza nati ya ekseli, na raba hukatwa siku hiyo hiyo. Nati ni ya kushika kilichokwisha kukaa. Usisahau kurudisha kile chuma cha kuzuia sahani ya breki pamoja na pini yake, maana kisipofungwa sahani itazunguka utakapokanyaga breki na gurudumu linaweza kujifunga ghafla.

SWALI: Mimi hushuka mlima Kitonga na shehena ya nyanya. Mlio kama huo nausikia wakati wa kushuka tu, na nikiweka gia huru unatoweka. Je, niendelee kushuka hivyo? (Msomaji, Ilula, Iringa)

JIBU: Hapana, usishuke Kitonga kwa gia huru hata kidogo. Unaziachia breki kazi yote kwenye mteremko ule wenye kona na malori. Ukishuka kwa gia ndogo, injini hulizuia gurudumu, na mabawa huegemea raba za upande wa pili, zile zisizofanya kazi unapovuta mafuta. Inaelekea hizo ndizo zilizochoka. Cheni iliyolegea nayo huweza kutoa mlio wa namna hiyo, kwa hiyo pima ulegevu wake kwanza. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni kati ya milimita 20 na 30 katikati ya cheni, lakini kipimo cha kufuata ni kile cha kitabu cha pikipiki yako.

SWALI: Raba mpya zinakataa kuingia, na fundi anataka kuzipaka oili ya injini. Ni sawa? (Msomaji, Tukuyu)

JIBU: Si sawa. Raba nyingi za habu huvimba na kulainika zikikutana na oili au grisi ya kawaida, na baada ya muda hubomoka. Tumia maji ya sabuni, ambayo hukauka yenyewe. Katika baridi ya asubuhi ya huko Rungwe raba huwa ngumu zaidi, hivyo ziloweke kwanza katika maji ya moto kwa dakika chache, uzifute, uzipake sabuni, kisha uzisukume kwa kiganja. Zikiendelea kukataa, zilinganishe na zile za zamani kabla ya kuchukua nyundo, kwani huenda umeuziwa za modeli nyingine.