Je, Kujipenda ni Kibri?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mke na mama wa watoto watatu. Kwa miezi minane namuuguza mama mkwe wangu aliyepooza, na kila usiku naamka mara tatu au nne kumgeuza. Nimekonda, na hata kuchana nywele nakumbuka siku mojamoja. Rafiki yangu ananiambia, "Jipende kwanza." Nilipomweleza shangazi yangu kwamba nataka nafasi ya kulala na kujitengeneza, alisema hayo ni maneno ya kizungu, kwamba katika dini kujipenda ni kibri. Sasa naiona nafsi yangu ni ovu hata kwa kutamani kupumzika. Nani yuko sawa?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yetu, Mwenyezi Mungu akulipe kheri kwa kila usiku ulioamka.

Shangazi na rafiki wanatamka neno moja, lakini kila mmoja ana lake moyoni. Kiswahili chenyewe kinatuonyesha. Mtu akioga, akapiga pasi kanzu yake, akajipaka mafuta mazuri, watu husema "yule anajipenda", na hapo wanamsifu. Akianza kuwaona wenzake si kitu, twasema anajiona, anajisikia. Shangazi anakuhofia kujiona. Wanazuoni wa zamani nao walipokemea kuipenda nafsi walikusudia nafsi "iamrishayo sana maovu", iliyotajwa katika Suratu Yusuf aya ya 53, yaani kuipa kila inachokitaka. Siku hizi neno hilohilo limebeba maana ya kujitunza na kutojidharau. Hukumu haiendi kwa neno, inakwenda kwa kilichokusudiwa.

Qur'ani yenyewe imetumia kitenzi kimoja cha kutakasa nafsi kwa mambo mawili yanayopingana. Katika Suratu Shams aya ya 9, amefaulu aliyeitakasa nafsi yake. Katika Suratu Najm aya ya 32 tunakatazwa kuzitakasa nafsi zetu, kwa maana ya kujisifia usafi. Kuisafisha nafsi ni amri. Kuitangaza kuwa ni safi ni katazo.

Tazama na watu wawili katika hadithi. Wa kwanza, katika Bukhari na Muslim, alikuwa akitembea na vazi lake zuri, nywele amezichana, nafsi yake inampendeza, na ardhi ikammeza. Wa pili, katika Sahihi Muslim, aliposikia kwamba haingii Peponi mwenye chembe ya kibri moyoni, aliuliza: je, mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri? Mtume (s.a.w.) akamjibu kuwa Mwenyezi Mungu ni Mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Nguo nzuri ziko kwa wote wawili, kwa hiyo tatizo halikuwa kwenye nguo.

Imam Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa zamani, alilipambanua jambo hili kwa kipimo ambacho mpaka leo naona hakina mfano. Kibri kinahitaji mtu wa pili, wa kumzidi. Ujub, yaani mtu kupendezwa na nafsi yake, hauhitaji yeyote. Hata aliyeumbwa peke yake angeweza kuupata. Mwenye neema akihofia itaondoka, hana ujub. Akiifurahia kwa kuwa ni zawadi ya Mola wake, pia hana. Ujub ni kuifurahia kama sifa yako mwenyewe, ukatulia nayo kana kwamba haitaondolewa. Basi ukijitazama kwenye kioo ukafurahi, jiulize tu: namshukuru nani?

Sasa haki ya nafsi. Abu Dardaa, sahaba wa Mtume, alikuwa akifunga mchana na kusali usiku kucha hata mkewe akaacha kujipamba. Salman, sahaba mwenzake, alipomzuru alimfanya aivunje saumu yake, na usiku kila alipotaka kusimama akamwambia, "Lala." Ilipofika sehemu ya mwisho ya usiku wakasali pamoja. Kisha akamwambia: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na watu wako wana haki juu yako, mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume akasema, "Amesema kweli Salman." Ameipokea Bukhari.

"Jipende kwanza" nayo ina asili yake, ila mpaka wake huwa haunukuliwi. Katika Sahihi Muslim, mtu wa Banu Udhra alitamka kuwa mtumwa wake atakuwa huru baada ya kifo chake, na hakuwa na mali nyingine. Mtume akamuuza mtumwa huyo kwa dirhamu 800, akampa pesa yule bwana wake, akasema: anza na nafsi yako, kikizidi kitu, watu wako, kikizidi, jamaa zako. Nafsi imewekwa mwanzo wa mstari, na mstari unaendelea. Anayeishia mwanzo, akaacha wazazi na akakata udugu kwa jina la kujipenda, ameivunja hadithi.

Kuhusu kuiita nafsi yako ovu, hilo liache leo hii. Mtume alikataza mtu kusema "khabuthat nafsi", nafsi yangu imekuwa ovu. Aseme "laqisat nafsi", nafsi yangu imechafukwa. Uchovu ni uchovu, wala usiuite uovu.

Kivitendo: kumhudumia mama mkwe si wajibu wako kwa sheria ya dini, kwako ni ihsani yenye ujira mkubwa. Wajibu ni wa mumeo na ndugu zake. Keti naye wakati ametulia, si katikati ya ugomvi, umwombe zamu: usiku mmoja wako, mmoja wake. Mgonjwa aliyepooza hugeuzwa takriban kila saa mbili ili asitoke vidonda, kwa hiyo anayeshika zamu asilale mfululizo, na asiye na zamu alale chumba kingine. Mchana pata kailula, yaani usingizi mfupi wa mchana, hata nusu saa. Kucha zisipite siku 40, ndio ukomo aliotuwekea Mtume. Na kwa kukonda huko nenda kwa daktari akuangalie, maana kujitibu nako ni sunna.

Mumeo akikataa zamu, mwombe atafute msaidizi wa kulipwa, kwa mali yake au ya mama yake.

Wallahu a'lam.